Kadi Mbili za Mtoto Mmoja

Kadi ya kliniki ya mtoto ina nafasi ya kuandika tarehe ya kila chanjo na tarehe ya kurudi. Haina nafasi ya kuandika chanjo hiyo itamlinda hadi lini. Kwa watoto wengi pengo hilo halina madhara. Mtoto mwenye afya akishapata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, mama yake anaweza kuifungia kadi sandukuni na asiiwaze surua tena. Kwa mtoto aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, kadi ya namna ile ile, yenye mihuri ile ile, inaweza kuwa imebeba habari iliyokwisha kupitwa na wakati.

Nikiulizwa kinga ya chanjo hudumu miaka mingapi kwa mtoto anayeishi na VVU, siwezi kutaja idadi ya miaka kabla sijauliza swali langu: sindano ilitangulia, au dawa zilitangulia? Mtoto huyu ana kadi mbili. Moja ni ya chanjo, nyingine ni ya dawa za kufubaza virusi, na kwa kawaida zinakaa katika vyumba viwili tofauti vya kituo kimoja. Jibu linapatikana pale tu mtu anapoziweka mezani pamoja.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi ulitoka Lusaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ARV hazijawafikia watoto wengi wa Zambia, William Moss wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake waliwafuatilia watoto waliochanjwa surua. Ndani ya miezi sita baada ya sindano, watoto wenye VVU walikuwa wanakaribiana sana na wenzao: asilimia 88 walikuwa na kingamwili za kutosha, na wasio na virusi asilimia 94. Mtu mwingine angefunga daftari hapo na kuandika kwamba chanjo imefanya kazi. Wao walisubiri. Miezi 27 baada ya chanjo waliwapima tena wale ambao hawakuwa wamechanjwa upya. Kati ya wasio na virusi, asilimia 89 walikuwa bado na kinga. Waliokuwa na VVU na wakaweza kupimwa walikuwa 18 tu, na nusu yao kinga ilikuwa imekwisha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007.

Watoto 18 ni wachache, na sababu mojawapo ya uchache huo inauma: baadhi ya wenzao walikuwa wameshafariki. Katika miaka ile, karibu nusu ya watoto wa Afrika waliozaliwa na virusi au kuambukizwa kwa kunyonya, na ambao hawakupata dawa, hawakutimiza miaka miwili. Swali la kinga ya miaka mitano au kumi lilikuwa halijapata wa kuulizwa. Dawa zilipofika ndipo lilipozaliwa. Watoto wakaanza kuishi, wakaanza shule, wakavunja ungo, wakabalehe, kadi zao zikiwa zimejaa na damu yao ikiwa haina kumbukumbu ya kile kilichoandikwa kwenye kadi.

Inafaa kuitazama kumbukumbu hiyo kwa karibu, maana ndiyo kiini cha jambo. Chanjo huacha mwilini hazina mbili. Ya kwanza ni kingamwili zinazozunguka katika damu, ambazo hutengenezwa na seli zinazojificha kwenye uboho wa mifupa kwa miaka mingi. Ya pili ni seli za kumbukumbu, zinazotulia hadi adui arudi. Hazina zote mbili hujengwa kwa uongozi wa seli za CD4, zile zile ambazo VVU huziwinda.

Kwa mwili wenye afya, hazina hii hudumu kwa namna ya kustaajabisha. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Ludvig Panum, alipelekwa visiwa vya Faroe ambako surua ilikuwa imelipuka. Watu wapatao 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000 waliugua. Wazee waliokuwa wameugua surua mwaka 1781 hawakuguswa, miaka 65 baadaye. Zaidi ya karne moja na nusu baada ya Panum, mwaka 2007, watafiti wa Oregon huko Marekani walipima damu za watu zilizokuwa zimehifadhiwa kwa miaka mingi, wakakuta kingamwili za pepopunda hupungua kwa nusu katika miaka 11 hivi, na zile za surua kushuka kwake ni kudogo mno hata hakuonekani katika umri wa binadamu.

Mtu aliyeambukizwa VVU ukubwani huwa ameshajijengea hazina hiyo utotoni. Anaweza kupoteza sehemu yake, lakini msingi ulikuwepo. Mtoto aliyeambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya hana msingi huo. Virusi vilifika kabla ya somo la kwanza. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinaingia kama mwalimu katika darasa ambalo kila wiki wanafunzi wanahamishwa. Wapo wanaolielewa somo, ndiyo maana Lusaka walipata asilimia 88. Ila baada ya muda hawapo tena darasani.

Sasa dawa zinaanza. Virusi vinafubaa, CD4 zinapanda, mtoto ananenepa, na familia inashukuru. Darasa limejaa tena, lakini hawa ni wanafunzi wapya. Mtoto ana tezi ya thimasi ambayo bado inafanya kazi kwa nguvu, na hiyo hutoa seli changa ambazo hazijawahi kukutana na surua wala pepopunda. Kupona kwa kinga hakurudishi masomo yaliyopotea. Nimewasikia hata wahudumu wa afya wakiamini kwamba CD4 zikipanda basi kila kitu kimerudi. Imani hiyo inaeleweka, na ndiyo inayowaacha watoto bila ulinzi. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha ukubwa wa pengo: kati ya watoto 90 wenye VVU waliokuwa wameshachanjwa na bado hawajaanza dawa, karibu robo tatu hawakuwa na kingamwili za surua, na karibu robo hawakuwa na za pepopunda. Dawa peke yake haikuwarudishia. Wengi wao waliitikia walipochanjwa upya.

Msomaji makini atasema kwamba kingamwili ni kipimo cha maabara. Je, watoto hao wanaugua kweli? Hoja hiyo ni ya haki. Inawezekana damu ikaonyesha kiwango cha chini na mwili ukaweza bado kupigana. Kwa hiyo tunahitaji ushahidi wa ugonjwa wenyewe, na huo uko Soweto.

Huko Afrika Kusini watoto wachanga karibu 40,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapata chanjo ya nimokoka, bakteria wanaoleta nimonia, uti wa mgongo na sumu ya damu. Walichomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bila dozi ya nyongeza. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba chanjo ilizuia ugonjwa mkali wa aina zilizomo ndani yake kwa asilimia 83 kwa watoto wasio na VVU, na asilimia 65 kwa wenye VVU. Asilimia 65 kwa watoto walio katika hatari kubwa kuliko wote ilikuwa habari njema ya kweli. Kisha Shabir Madhi na wenzake waliendelea kuwafuatilia watoto wale kwa muda wa miaka 6 hivi. Wasio na virusi walishuka kidogo, kufikia takriban asilimia 78. Wenye VVU walishuka hadi 39.

Hapa kupungua kwa kinga kunaonekana kwa hesabu ya watoto waliolazwa, wala si kwa mirija ya maabara. Chanjo ilianza vizuri kwa makundi yote mawili, ikabaki kwa moja, ikawakimbia watoto wa kundi la pili. Wengi wao hawakuwa kwenye dawa. Chanjo ya Hib, inayozuia aina nyingine ya uti wa mgongo na nimonia, ilitoa picha mbaya zaidi nchini humo humo: mwaka 2002 watafiti waliripoti kinga ya asilimia 96 hivi kwa wasio na virusi na 44 kwa wenye virusi. Afrika Kusini ilijifunza. Ilipoiingiza chanjo ya nimokoka katika ratiba ya taifa mwaka 2009, iliweka dozi ya tatu kwenye miezi 9, ili iwe ya kukumbusha kinga na kuirefusha.

Isidhaniwe kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini, ya majokofu yanayozimika na vituo vya mbali. Marekani, ambako watoto hawa walipata zaidi ya dozi moja na huduma ya karibu, vijana waliozaliwa na VVU walipopimwa, ni asilimia 57 tu waliokuwa na kinga ya surua. Wenzao, waliozaliwa na mama wenye VVU lakini wao wakasalimika, walikuwa na asilimia 99. Rubela ilikuwa 65 kwa 98. Watafiti walipochambua ni nini kilichowatofautisha waliolindwa na wasiolindwa, jambo lililojitokeza ni idadi ya dozi zilizochomwa mtoto akiwa tayari kwenye tiba inayofanya kazi. Dozi zilizotangulia tiba hazikuwa na uzito mkubwa. Ndiyo maana mwaka 2013 washauri wa chanjo wa nchi hiyo walielekeza kwamba mtoto aliyezaliwa na VVU na akachanjwa surua, matumbwitumbwi na rubela kabla ya tiba madhubuti apewe dozi mbili upya, kana kwamba zile za zamani hazikuwapo.

Ukishaliona hilo, historia ya miongozo ya dawa inageuka kuwa historia ya kinga pia. Mwaka 2008 jaribio la CHER la Afrika Kusini lilionyesha kwamba kumwanzishia dawa mtoto mchanga mara tu anapogundulika, bila kungoja augue, hupunguza vifo kwa asilimia 76. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaagiza kila mtoto mwenye VVU aliye chini ya mwaka mmoja aanzishiwe dawa. Mwaka 2010 ikawa chini ya miaka miwili, 2013 chini ya miaka mitano, na 2015 ikawa kila mtu. Na mwaka 2009 watafiti wa Italia na Sweden walikuwa wameshaonyesha upande wa pili wa habari hiyo: watoto walioanza dawa ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha walihifadhi seli za kumbukumbu na kingamwili za chanjo kwa kiwango kinachokaribia cha watoto wenye afya. Walioanza baadaye hawakuvipata tena, hata virusi vilipofubaa.

Kwa hiyo kwenye benchi moja la kliniki wanaweza kukaa watoto wa vizazi viwili. Kijana aliyezaliwa mwaka 2006 pengine alichanjwa chanjo zote za utotoni bila dawa, akaanza ARV akiwa na miaka minne au mitano. Aliyezaliwa 2019 alitolewa tone la damu la kisigino akiwa na wiki sita, majibu yakarudi mapema, akaanza dawa kabla hajafikisha miezi mitatu, na alipofika miezi 9 kwa ajili ya surua alikuwa ameshatumia dawa kwa miezi sita. Wote wawili wameandikiwa kwamba wamekamilisha chanjo. Wa pili amekamilisha. Wa kwanza anapaswa kuanza upya, na asipoambiwa hatajua.

Hata kizazi cha pili hakina uhakika wote. Kwa makadirio ya UNAIDS, mwaka 2023 watoto wa chini ya miaka 15 walioishi na VVU duniani walikuwa takriban milioni 1.4, na waliokuwa wakipata dawa walizidi nusu kidogo tu, huku kwa watu wazima ikiwa zaidi ya robo tatu. Na kuwa na dawa nyumbani ni jambo moja, virusi kufubaa ni lingine. Kwa miaka mingi dawa za watoto zilikuwa chungu, mama akihangaika na kijiko kila jioni na mtoto akitema. Vidonge vya dolutegravir vya watoto, vinavyoyeyuka katika maji na vyenye ladha ya stroberi, vilianza kusambazwa Afrika mwaka 2021. Naviona kama mchango kwa chanjo pia, ingawa hakuna anayevihesabu hivyo. Mtoto anayekubali kumeza dawa ni mtoto ambaye sindano yake ya surua itakuta darasa lililotulia.

Je, kinga ya kuchanjwa upya nayo inadumu? Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, waliwachanja upya watoto wenye VVU waliokuwa kwenye dawa na CD4 zao zikiwa zimepanda, kisha wakawapima baada ya miaka mitatu. Asilimia 85 walikuwa bado na kingamwili za kutosha za surua, na 79 za rubela. Ulinganishe na ile nusu ya Lusaka baada ya miaka miwili na robo. Kinga ya matumbwitumbwi ilibaki kwa asilimia 61, kuonyesha kwamba si kila chanjo hushika kwa nguvu sawa. Kwa homa ya ini B hali ni ya namna hiyo hiyo: kinga ya utotoni hupotea kwa wengi, na kuchanjwa upya chini ya dawa huirudisha kwa sehemu kubwa yao.

Shirika la Afya Duniani limeyaweka haya katika mwongozo wa surua. Mtoto mwenye VVU, au aliyezaliwa na mama mwenye VVU, katika maeneo yenye surua apewe dozi ya mapema akiwa na miezi 6, kwa sababu kingamwili alizorithi kwa mama huwa chache na huisha haraka. Dozi zake mbili za kawaida zinabaki pale pale. Akiwa ameanza dawa baada ya chanjo, apewe nyingine kinga ikishaimarika, na pasipo na kipimo cha CD4 ingojewe miezi 6 hadi 12 tangu kuanza tiba. Kungoja huko kuna maana mbili. Mwili uwe na uwezo wa kujifunza, na usalama uwepo, kwa sababu chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtoto ambaye kinga yake imeporomoka kabisa hapewi.

Hatari hiyo si ya kubuni. Inaonekana wazi zaidi kwenye BCG, ile inayoacha kovu begani. Katika Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba karibu mtoto mmoja katika kila 100 wenye VVU waliochanjwa BCG aliugua ugonjwa wa BCG uliosambaa mwilini, ugonjwa ambao mara nyingi huua. Mwaka 2018 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulirekebishwa: mtoto aliyekwisha kujulikana ana VVU asichanjwe hadi awe kwenye dawa na hali yake imetulia. Tena ni suala la kipi kitangulie.

Wasiwasi wangu mkubwa kwa sasa uko kwa wasichana. Tanzania ilianza chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja. Uamuzi huo una msingi imara, na sehemu ya msingi huo imetoka kwetu: jaribio la DoRIS la Mwanza lililoshirikisha wasichana 930, na la KEN SHE la Kenya lililoshirikisha wanawake vijana 2,275. Dozi moja ilitoa matokeo mazuri. Lakini majaribio yote mawili hayakuwachukua wenye VVU. Shirika la Afya Duniani linawataka hawa wapate angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo mara sita ya mwenzake, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote wanaosimama katika mstari ule.

Na mstari wenyewe uko shuleni. Wauguzi wanakuja na kisanduku cha baridi, darasa linachanjwa, jina linaandikwa, kazi imekwisha. Binti wa miaka 11 ambaye huchukua dawa na bibi yake kila baada ya miezi mitatu hawezi kunyoosha mkono mbele ya wenzake na kusema kwamba yeye anahitaji nyingine. Pengine hata yeye mwenyewe hajaambiwa bado kile vidonge vinachotibu. Mpango unaotegemea ajitaje umeshamwacha nje. Dozi zake za nyongeza zinapaswa kumngoja kule anakojulikana tayari, kwenye kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo Tanzania wengi huiita CTC na Kenya CCC.

Huko nako kuna kikwazo kidogo cha mkono na chupa, na ningependa watunga sera wakae nacho kwa dakika chache. Chanjo ya surua na rubela hupakiwa kwa kawaida katika vichupa vya dozi 10. Kichupa kikishachanganywa na maji yake lazima kitumike ndani ya saa sita, kisha kilichobaki kinamwagwa. Muuguzi anayemwona mtoto mmoja wa CTC, Jumatano mchana, anafikiria dozi tisa atakazomwaga na maswali atakayoulizwa kwenye ripoti ya mwezi. Anamwambia mama arudi siku ya kliniki ya watoto wachanga. Mama ana nauli ya safari moja, na kijana wa miaka 12 hataki kuonekana katika foleni ya wanaonyonyesha. Hawarudi.

Dozi moja ya chanjo hiyo hugharimu chini ya dola moja ya Marekani, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Mtoto ambaye kumbe bado ana kinga haumizwi na dozi ya ziada, kwa hiyo hakuna haja ya kupima damu kwanza. Kituo kinaweza kupanga siku moja kwa mwezi ambapo watoto wote wa CTC waliotimiza miezi sita au zaidi kwenye dawa wanakuja kuchukua vidonge pamoja, na siku hiyo jokofu la chanjo linafunguliwa upande wa pili wa ukuta. Muuguzi wa dawa anaomba kadi ya kliniki. Anatafuta tarehe ya surua, anatafuta tarehe ya kidonge cha kwanza, na kama ya surua ndiyo iliyotangulia, anamvusha mtoto mlango mmoja.